Jibu: Umeanzia Gravedigger, mapenzi hayaeleweki

Mkuu wa Area C, Dodoma, umeuliza mbona umeanzia riwaya ya Gravedigger na mapenzi yaliyomo huyaelewi: hujapotea, ila umeruka vitabu vitano. Mfululizo wa Joseph Hansen kuhusu Dave Brandstetter, mpelelezi wa madai ya bima anayependa wanaume, una riwaya 12, kuanzia Fadeout (1970) hadi A Country of Old Men (1991), na Gravedigger ni cha 6. Kesi ya kila kitabu inaisha humohumo. Mapenzi ndiyo yanayoendelea kitabu hadi kitabu. Unauliza huyo kijana Cecil, mpenzi wa Dave, katokea wapi: rudi The Man Everybody Was Afraid Of (1978), ndipo walipokutana. Na kwa nini Dave hayupo tena kwenye kampuni ya bima, soma Skinflick: aliondoka baada ya baba yake kufariki.

Ukikosa muda, soma hivyo viwili pamoja na Fadeout. Humo kwenye Fadeout gari limekutwa mtoni, mwili haupo, bima inagoma kulipa. Wakati huohuo Dave ana msiba wa mpenzi wake Rod, aliyekufa kwa saratani. Ukiruka hapo, ubaridi wake kwa watu utauona kiburi tu. Ni kifupi, treni ya Dodoma hadi Dar unakimega sehemu kubwa.

Wanaosema mapenzi ni machache wanakosea. Yamefichwa kwenye nani anampikia nani.