Umeme wa Taa, Pampu na Moshi Ndani ya Boti ya Rimoti

Wengi wanaounda boti ya mfano huanza na mota na usukani, na taa, pampu na honi hufikiriwa mwishoni, zikachomekwa kwenye nafasi yoyote iliyobaki wazi katika risiva, yaani kifaa kinachopokea amri za rimoti. Kwa kuwa napenda zaidi kuunda tagi, yaani boti za kuvuta meli bandarini, ambazo hubeba taa nyingi, nimeshika msimamo kwamba umeme wa vifaa hivi upangwe kabla sitaha haijafungwa, na usichukuliwe kamwe pale risiva inapopatia umeme wake.

Vidhibiti vingi vya mwendo, yaani vifaa vinavyoongoza kasi ya mota, vina sakiti ndogo inayoshusha umeme wa betri hadi volti 5 kwa ajili ya risiva na servo (mota ndogo inayogeuza usukani), na aghalabu uwezo wake ni ampea 1 hadi 3. Servo ya usukani inapokazana na maji huweza kula sehemu kubwa ya uwezo huo kwa ghafla. Ukiongeza pampu hapo, volti hushuka, risiva huzimika na kuanza upya, na kwa muda huo boti haipokei amri yoyote huku ikiendelea kuelea inakotaka upepo.

Kwa hiyo ninaweka rigeleta ya pili, yaani kifaa cha kushusha volti na kuzishika katika kiwango kimoja, kwa ajili ya vifaa vya ziada tu. Ninachagua ile inayoshusha volti kwa kuwasha na kuzima umeme kwa kasi, kwa sababu rigeleta za zamani kama 7805 hugeuza tofauti yote ya volti kuwa joto: ukishusha volti 12 hadi 5 kwa mzigo wa nusu ampea, wati 3.5 hupotea ndani ya kisanduku kisicho na hewa. Chanya ya rigeleta hii isiguse chanya ya risiva. Hasi za zote mbili ziungane, la sivyo swichi ya kielektroniki inayoongozwa na risiva haitaielewa ishara.

Taa za LED hazihitaji hata rigeleta, mradi kila mstari uwe na kinzani yake, yaani kipande kinachopunguza mkondo wa umeme. LED nyeupe hutumia takriban volti 3.2, hivyo tatu zikifuatana huchukua 9.6, kwenye betri ya volti 12 hubaki 2.4, nazo ukizigawa kwa milliampea 20 unapata ohmu 120. LED nyekundu hutumia karibu volti 2 tu, aghalabu chini ya ile ya kijani, na ndiyo maana taa nyekundu ya kushoto na ya kijani ya kulia haziwezi kutegemea kinzani moja. Mimi huenda chini zaidi, hadi milliampea 5 au 10, maana taa ya tagi ndogo inayong'aa kama kurunzi huharibu sura yote ya kazi. Betri ya volti 12 iliyojaa huvuka kiwango hicho, kwa hiyo piga hesabu kwa volti ulizozipima kwa mita.

Kifaa cha moshi ni jambo jingine kabisa, kwani hupasha mafuta joto na huweza kula ampea nzima au zaidi. Kipewe waya mnene, swichi yake, na ikiwezekana betri yake.

Hatari ambayo sioni ikisemwa vya kutosha ni ya betri za lithiamu. Kidhibiti cha mwendo chenye kinga husimamisha mota kila seli inapokaribia volti 3, lakini taa zilizofungwa moja kwa moja kwenye betri haziguswi na kinga hiyo, nazo huendelea kunyonya hadi seli ziharibike. Weka alamu ndogo ya volti, na uchomoe betri mara tu boti inapotoka majini.

Fyuzi ikae karibu kabisa na chanya ya betri, kwa kuwa kazi yake ni kuulinda waya wote unaofuata. Kwa taa peke yake ampea 1 hutosha. Kwa pampu, pima kwanza inachokula ikiwa imekwama, kisha uchague fyuzi itakayokatika chini ya kiwango hicho.