Furaha ya Mwamini Siku za Kuchosha

Wapendwa, watu wanaojua kwamba nimemuuguza mama yangu kwa muda mrefu huniuliza napata wapi moyo wa kuimba. Naomba nijibu hapa, maana jibu langu halitoshi kwenye salamu za mlangoni baada ya ibada.

Shida kubwa huleta watu. Ukifiwa, ndugu watakusanyika na kanisa litakuja kuomba nawe. Kinachomkausha mwamini taratibu ni vile visumbufu vya kila siku: dawa imekwisha na mshahara haujaingia, usingizi umekatika tena usiku, kazini umefokewa bila kosa, mtoto amekataa kula. Hakuna anayekuja kukupa pole kwa hayo, nawe mwenyewe unaona haya kumpelekea Mungu mambo madogo hivyo.

Mimi humpelekea. Aliyenifungulia mlango huo ni Daudi, katika Zaburi ya 13. Ni fupi, ina aya sita tu, na mwanzo wake anamuuliza Mungu "hata lini" mara nne mfululizo. Hapambi maneno wala haanzi kwa kujifanya mwenye imani kubwa. Analia kwanza, halafu anaomba, kisha anamalizia kwa kusema atamwimbia Bwana. Na ukiisoma vizuri utaona hapaelezwi popote kwamba adui zake wameondoka. Wimbo umefika kabla shida haijaisha.

Basi huo ndio mpangilio ninaoushika ninapofua mashuka ya mgonjwa alfajiri. Namwambia Bwana jinsi nilivyo: nimechoka, leo sina subira, naogopa gharama za mwezi huu. Nataja kila kitu kwa jina lake. Nikishamaliza ndipo naimba pambio, kwa sauti, hata kama sauti inakwaruza. Siku nyingine moyo unafuata upesi, siku nyingine unachelewa hadi jioni. Lakini nimeona kwamba furaha haikai ndani ya mtu anayemficha Mungu uchungu wake.

Wengi wetu tumefundishwa kwamba mwenye furaha ya Kristo hahuzuniki, na fundisho hilo limewaumiza watu. Tazameni barua kwa Wafilipi. Paulo anaiandika akiwa kifungoni, na ndiyo barua inayohimiza "furahini katika Bwana" kuliko karibu maandiko yake yote. Lakini humo humo anakiri kwamba Epafrodito, mtenda kazi mwenzake, aliugua karibu na kufa, na kwamba Mungu alimhurumia yeye Paulo pia asipate huzuni juu ya huzuni. Katika sura ya tatu anaandika huku akilia. Machozi na furaha vimo katika barua moja, na hakuna kimoja kinachomwonea haya mwenzake.

Kwa hiyo nakusihi, usimrushie aya ya furaha mtu aliyeelemewa. Mfulie nguo. Kaa na mgonjwa wake saa mbili ili naye akalale.

Na kulala ni jambo la kiroho kuliko tunavyodhani. Eliya, katika 1 Wafalme 19, alichoka mpaka akaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimgusa, akamwambia ainuke ale. Palikuwa na mkate na maji. Eliya akala, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili, ndipo akapata nguvu ya safari hadi Horebu, mlima wa Mungu. Siku ninazojiona nimekauka kabisa, najiuliza kwanza kama nimekula na kama nimelala. Na ikiwa giza linakaa wiki baada ya wiki, usiogope kumwona daktari. Kufanya hivyo si kupungukiwa imani.

Liko jambo moja zaidi ambalo kwangu limezaa matunda kuliko nilivyotarajia. Tunapenda kunukuu Nehemia 8:10, kwamba furaha ya Bwana ni nguvu zetu, lakini mara nyingi tunaruka maneno yaliyotangulia. Watu walikuwa wanalia baada ya kusomewa torati, wakaambiwa waende wakale vinono, wanywe kitu kitamu, na wampelekee sehemu yule asiyewekewa kitu. Kupeleka sehemu! Nilipoanza kufanya hivyo katikati ya uchovu wangu, nikituma ujumbe wa kumwombea muuguzaji mwenzangu au kugawa chakula kidogo nilichopika, siku zangu zilipata nafasi ya kupumua.

Kama leo ndiyo siku yako ya kuchosha, anza na Zaburi hiyo ya 13. Isome kwa sauti, na pale Daudi anapouliza "hata lini", weka shida yako mwenyewe. Usiharakishe kufika aya ya mwisho. Halafu fikiria ni nani unayemfahamu asiyewekewa kitu, umpigie simu kabla jua halijatua.