Kisogo cha mtoto kimebonyea upande mmoja

SWALI: Mwanangu ana miezi minne. Kisogo chake kimekuwa bapa upande wa kulia, na sikio la upande huo limesogea mbele kidogo. Mama mkwe anataka tumkande kichwa kwa maji ya moto kila jioni. Nifanye nini? – Mama wa Tanga

JIBU: Dada yangu, kwa heshima zote kwa mama mkwe, kukanda hakurudishi umbo la fuvu, na maji ya moto yanaweza kumuunguza mtoto. Maelezo yako, hasa hilo sikio lililosogea mbele, yanaelekea kwenye ubapa unaotokana na kulalia upande mmoja, ambao hauathiri ubongo. Hata hivyo mpeleke kwa daktari wa watoto, ampime mzingo wa kichwa, apapase utosi na maungio ya mifupa ya fuvu, kwa kuwa maungio yakifunga mapema huenda upasuaji ukahitajika. Aangalie pia kama msuli wa shingo umekaza, jambo linalotibiwa kwa mazoezi ya viungo.

Endelea kumlaza chali, lakini mgeuze kitandani, kichwa kiwe upande wa miguu, ili akitafuta mwanga wa dirisha au sauti yako ageukie kushoto. Akiwa macho, mlaze kifudifudi mbele yako mara kadhaa kwa siku. Kuhusu kofia maalumu za kurekebisha kichwa, utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2014 haukuona tofauti ya maana kati ya waliovalishwa na wasiovalishwa. Nisingekushauri ukope fedha kuitafuta.