Tuliwaalika wasiosikia, tukawawekea spika

Barua za mwezi huu karibu zote ni za mikusanyiko na michango. Naona wengi mnajiandaa kwa tarehe 3 Machi, Siku ya Kusikia Duniani. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa umbo lake: andika 3.3 uitazame vizuri, utaona masikio mawili. Kwa wageni wa safu hii, mimi ni mpimaji wa kusikia, na sikio langu la kushoto nalo linavaa shimesikio, kile kifaa kidogo cha kumsaidia mtu kusikia. Kwa hiyo nikikosea, nimekosea kwa pande zote mbili za meza.

*Mimi ni mwanakamati wa kliniki ndogo ya masikio. Mwaka jana tulifanya siku ya wazi: muziki, mgeni rasmi, hotuba, upimaji wa bure. Wagonjwa wetu wenyewe waliondoka kabla saa moja haijaisha, wakabaki watu wenye masikio mazima. Mwaka huu tunataka kuchangisha fedha siku hiyohiyo. Tulikosea wapi?*
— Mwanakamati

Ndugu Mwanakamati, jibu umeliandika mwenyewe, tena ukaliweka mbele ya mengine yote: muziki.

Usione haya, maana sisi tulifanya vibaya kuliko ninyi. Mkusanyiko wetu wa kwanza niliuandaa mimi. Nilikodi spika mbili kubwa, nikaziweka kulia na kushoto kwa jukwaa, nikaona nimewatendea haki watu wasiosikia: si wanahitaji sauti kubwa? Hotuba ya pili haijafika katikati, nikamwona mzee mmoja wa mstari wa mbele akichomoa shimesikio ya kulia, kisha ya kushoto, akazifunga kwenye leso na kuitia mfuko wa shati. Alikaa hivyo mpaka mwisho, akitabasamu kila watu walipopiga makofi. Nilimtambua haraka kwa sababu na mimi yangu ilikuwa mkononi tayari.

Watu wengi hawalijui hili. Sikio lililopoteza chembe za ndani, zile zenye vinyweleo vinavyopokea mtikisiko wa sauti, si redio iliyopunguzwa sauti kwamba ukiiongeza mambo yanakwisha. Sauti ndogo haisikiki, sauti kubwa inauma kama kwa mtu yeyote au zaidi, na katikati pamebaki kijia chembamba. Kazi ya shimesikio ni kuipitisha dunia nzima kwenye kijia hicho. Inafanya vizuri mkiwa wawili mmeketi mita moja. Ndani ya ukumbi mtupu wenye sakafu ngumu na bati juu, sauti ya msemaji ikifika imeshagonga kuta zote, imekutana na viti vinavyoburuzwa na watoto wanaocheka, na vyote vinakuzwa pamoja. Mtu hasikii kidogo hapo. Anasikia vingi mno, na hakuna kimoja kilicho neno.

Sasa tunafanya hivi. Tunachukua chumba kidogo kuliko tunachokihitaji, tunatundika mapazia mazito, na viti tunavipanga mfano wa kwato ya farasi ili kila mtu aone kila uso. Msemaji hasimami mbele ya dirisha, kwa sababu mwanga ukitoka mgongoni mwake uso unakuwa kivuli na midomo haisomeki. Anaongea mmoja tu kwa wakati, na anayetaka kusema huinua mkono kwanza ili macho yamfuate kabla ya sauti. Mkalimani wa lugha ya alama anasimama karibu na msemaji, si pembeni kama mlinzi wa lango. Mkiweza, mwekeni mtu anayeandika yanayosemwa yatokee ukutani. Kuna pia waya unaozungushwa ukumbini na kuunganishwa na kipaza sauti, ukapeleka maneno moja kwa moja ndani ya shimesikio bila kupita hewani. Zinazopokea ni zile zenye koili ndogo kwa ajili hiyo, basi waulizeni wagonjwa wenu kabla ya kutumia fedha. Muziki tumeuacha wote, hata ule wa chinichini mgeni rasmi anapoingia. Huo wa chinichini ndio mbaya zaidi.

Na upimaji upelekeni mbali na ukumbi. Mwaka mmoja tuliupanga kwenye chumba cha nyuma, penye ukuta mmoja na jenereta. Kufika mchana karibu kila mtu alikuwa hasikii mlio mzito wa hezi 500 (hezi ni mitikisiko ya sauti kwa sekunde), vijana kwa wazee. Niliandika majina ya kuwaita tena, nikajaza kurasa, ndipo mwenzangu akanishika bega na kuuonyesha ukuta. Jenereta ilikuwa inafunika milio mizito yote. Tulikuwa tumeipima jenereta.

*Baba alipimwa kwenye mkusanyiko wa kliniki. Kijana aliyempima alimwambia mbele ya watu, "Mzee, umefeli." Tangu siku hiyo hataki kurudi, na shimesikio hataki kuisikia. Nimfanyeje?*
— Binti wa kwanza

Pole, dada. Msomee mzee jibu hili la hapo juu, aone kwamba hata ukuta unaweza kumfelisha mtu.

Upimaji wa kwenye mikusanyiko ni chekeche. Unawatenga wanaohitaji kuangaliwa vizuri na wasiohitaji, basi. Hausemi mtu amepoteza kiasi gani wala kwa nini, na kijana yule hakuwa na haki ya kutumia neno la darasani kwa mtu wa umri wa baba yake. Kliniki ianze kwa kuchungulia ndani ya sikio, maana si mara moja nimekuta donge la nta limeziba tundu, likatolewa, na mtu akashtuka kusikia nyayo zake mwenyewe. (Nta itolewe na mwenye ujuzi. Vijiti vya pamba vinaisukuma ndani zaidi.) Baada ya hapo ndipo apimwe ndani ya chumba kisichoingiza sauti, sikio moja moja, kuanzia mlio mzito wa hezi 250 hadi mwembamba wa hezi 8000.

Usimwambie "twende ukapimwe masikio." Mwombe akusindikize wewe, upimwe wewe kwanza, naye akae akutazame unavyobonyeza kitufe. Mara nyingi inatosha.

*Miaka 2 iliyopita kliniki ya kwetu ilichangisha fedha, watoto wa shule wakavishwa shimesikio, picha zikapigwa. Mtoto wa jirani yangu alikuwa mmoja wao. Leo hana kitu sikioni. Mama yake anasema iko kabatini. Fedha zetu zililiwa?*
— Mchangiaji aliyechoka

Mchangiaji, naelewa hasira yako, lakini sidhani zililiwa. Nadhani ziliisha siku ile ya picha.

Mwombe yule mama akuonyeshe kilicho kabatini. Mara nyingi utakuta vitu vitatu. Cha kwanza ni chumba cha betri kitupu. Betri za shimesikio ni ndogo kama kitufe cha shati, zina kibandiko cha rangi mgongoni (cha chungwa ni namba 13, cha kahawia 312), na zinafanya kazi kwa hewa: ukibandua kibandiko hewa inaingia kwenye vitundu na betri inaamka. Ikishaamka hailali tena, hata ukirudisha kibandiko. Tuseme moja inadumu siku 10. Mtoto anayevaa masikio yote mawili atamaliza betri 73 kwa mwaka. Alipewa ngapi siku ya picha? Pakiti moja, labda mbili.

Cha pili ni kalibu, ile plastiki laini iliyotengenezwa kwa kufuata tundu la sikio lake. Sikio la mtoto linakua. Kalibu ikimpwaya, sauti inavuja, inarudi kwenye kipaza sauti cha kifaa, na kifaa kinaanza kupiga mluzi. Darasa linageuka kumtazama. Mtoto wa miaka 7 akitazamwa hivyo mara tatu, anaivua mwenyewe na kuificha, na hakuna mzazi wa kulaumiwa hapo. Mtoto mdogo sana huhitaji kalibu mpya kila baada ya miezi michache.

Cha tatu ni kimrija kinachounganisha kifaa na kalibu. Ukikishika utakuta kimekauka, kimekuwa kigumu na cha manjano, au ndani kina tone la jasho lililoziba njia. Kukibadilisha ni kazi ya dakika chache kwa mtu mwenye mrija na mkasi. Lakini mtu huyo yuko kliniki, na hakuna aliyemwambia mama arudi.

Kwa hiyo kliniki inapokuja tena na bakuli, msiulize "mtawavisha watoto wangapi?" Ulizeni waliovishwa mara ya mwisho wangapi bado wanavaa. Atakayejibu bila kufungua daftari, mshukuru kwa heshima, mkono uubakize mfukoni. Ulizeni pia nani atatengeneza kalibu mwaka ujao. Sisi tuliacha kuchangisha "shimesikio" miaka kadhaa iliyopita. Tunachangisha miaka ya mtoto: mchangiaji mmoja hubeba betri za mwaka mzima, mwingine kalibu mbili, mwingine nauli ya mama ya kurudi kliniki. Idadi ya watoto tunaowavisha ilishuka, na baadhi ya wafadhili walinuna kwa sababu picha ilikuwa na watoto wachache. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2021 kwamba watu milioni 430 wanahitaji huduma kwa ajili ya kusikia kwao, na ukiisoma namba hiyo unaingiwa na pupa ya kugawa vifaa kwa magunia. Mimi pupa hiyo ninayo. Ila nimeshafungua makabati mengi.

Kuhusu shimesikio za kuchaji, kwa kuwa mtaniuliza: zinaondoa tabu ya kununua betri kila mara, ni nzuri penye umeme wa uhakika. Betri yake ya ndani nayo huchoka baada ya miaka kadhaa, na kuibadilisha si kazi ya kufanyia nyumbani.

*Mama yetu amefariki na ameacha shimesikio mbili. Jirani hasikii vizuri. Nimpe, au nizipeleke kwenye mchango wa kliniki?*
— Mtoto wa mwisho

Poleni na msiba. Zipeleke kliniki, jirani usimpe mkononi. Zile zimewekwa kwa kufuata masikio ya mama: kama yeye alihitaji nguvu nyingi na jirani anahitaji kidogo, utamvisha kelele inayoweza kuharibu kusikia kulikobaki. Mwambie jirani naye aende kliniki, apimwe, na pengine zitamrudia yeye zikiwa zimepangwa upya. Zile za kukaa nyuma ya sikio ndizo zinazofaa kwa mtu mwingine, akitengenezewa kalibu yake. Zinazoingia nzima ndani ya tundu zilichongwa kwa sikio la mama, hazitamkaa. Toa betri leo, usingoje, zikiachwa ndani huvuja na kula vyuma.

Na kama hamko tayari kuachana nazo, wekeni. Kuna familia ilirudi kwetu na kifaa cha baba baada ya mwaka mzima, wakaomba kimrija kibadilishwe kwanza ndipo wakikabidhi. Tulikibadilisha.

*Kwenye chakula cha hisani tunataka kuwaziba wageni masikio kwa dakika 10 ili waonje uziwi, kisha tupitishe bahasha. Wazo zuri?*
— Kamati ya vijana

Vijana wangu, bahasha zitajaa, hilo siwabishii. Wageni watatoka wameogopa, na mwoga hutoa fedha upesi. Lakini kizibo cha sikio hakionyeshi uziwi. Kinaonyesha kuzibwa. Mtu aliyezaliwa kiziwi akakua na lugha ya alama haishi ndani ya dakika zenu 10 za hofu, na mimi mwenye usikivu hafifu upande mmoja siishi humo pia. Sisi wageni wenu tutakuwa tumeketi meza zipi wakati mnatuigiza?

Zibueni masikio, toeni kazi. Mpeni kiziwi mmoja daraka lenye uzito siku hiyo, si la kutoa ushuhuda na kulia. Kwetu mtunza hazina wa mchango ni mshonaji nguo, kiziwi tangu utotoni. Mwaka jana alisimama akatangaza hesabu kwa alama, mkalimani akaitamka, na mgeni mmoja wa meza ya mbele akanyoosha mkono kusema jumla haikubaliani na iliyoandikwa ukutani, pengine mama amejichanganya. Aliomba irudiwe. Akairudia, polepole, tarakimu moja moja, huku amemkazia macho mkalimani. Mkalimani ndiye aliyekuwa ameruka sifuri.