Wanaume, mkojo uoteshwe kabla ya dozi ya UTI

Msomaji mmoja wa Mbagala kaniandikia wiki hii. Kaambiwa ana UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, kameza sipro, dawa ya kuua bakteria, siku tatu, maumivu yakakata akaacha, sasa yamerudi na homa juu. Anauliza ahamie dawa gani. Ndugu yangu, kwa homa hiyo usisubiri jibu langu, nenda hospitali leo.

Mimi yalinikuta mwaka jana. Mkojo unaunguza, kila mara nimesimama chooni natoa matone, kinena kizito. Zahanati moja wakachovya kijiti, hata dakika kumi hazikuisha: “Mkojo mchafu, utachoma sindano tano.” Nikauliza mdudu gani. Nikajibiwa mbele ya foleni nzima kwamba kama najua sana nikajitibu mwenyewe. Linaniuma mpaka leo. Mgonjwa anayeuliza hana dharau, anataka kupona.

Sindano nilizikataa, nikaenda hospitali wanakootesha mkojo, yaani maabara wanamkuza mdudu aliyemo waone dawa gani inamuua. Unapewa kichupa, wa mwanzo unauachia uende, unakinga wa katikati. Sikuwa na homa, daktari akanipa za maumivu tukasubiri majibu. Karatasi ilipotoka: mdudu ni E. coli, na mbele ya kila dawa herufi, S inaua, R imeshindwa. Sipro R. Seftriaksoni, zile zile sindano za zahanati nilizozikataa, R. Nilijisikia fahari, na sioni aibu kusema.

Kumbe hata S haitoshi. Nitrofurantoini ilikuwa S, daktari akaipita, kwa sababu alishanipima tezi dume kwa kidole akaikuta inauma. Dawa hiyo inafanya kazi kwenye kibofu, kwenye tezi haipenyi vizuri. Akaandika septrini, dawa nyingine ya bakteria, nayo S, kwa wiki kadhaa. Nikamaliza, nikapona.

Wanaume wenzangu, njia yetu ya mkojo ni ndefu, kama sentimita 20, ya mwanamke ni kama 4. Mdudu akishapanda huko kwetu, lazima mtu aulize kapandaje. Tezi imevimba? Kuna jiwe? Au ni magonjwa ya zinaa, kisonono au klamidia, ambayo nayo huunguza, yana vipimo vyake, na mwenzako naye hutibiwa? Muuza duka la dawa hawezi kuyaona hayo kutoka kaunta. Otesheni mkojo, tena kabla ya kidonge cha kwanza, maana ukishameza mdudu anaweza asiote.

Siku za dozi nazo si za kukisia. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2021 ulikuta wanaume wasio na homa waliotumia sipro au septrini siku 7 walipona sawa na waliotumia siku 14. Tezi dume ikiingiliwa, ni wiki 2 hadi 4, wakati mwingine zaidi. Na sipro usiimeze na maziwa wala dawa ya kiungulia, inashindwa kuingia mwilini. Kano za kisigino zikianza kuuma, acha na urudi kwa daktari.

Ikirudi baada ya dozi kamili, omba mkojo uoteshwe tena na upigwe ultrasaundi, waone kama kibofu kinatoa mkojo wote.