ULIZA FUNDI: Datsun ya mjomba inaliwa na kutu

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi niko Likoni, marehemu mjomba katuachia Datsun 240Z ya 1972, imekaa chini ya mwembe kama miaka saba hivi, injini inawaka lakini bodi ndio balaa. Imetoa malengelenge kwenye madgadi za nyuma na chini ya milango, juzi nikainua kapeti upande wa dereva nikaona mchanga wa uani, yani chini kabisa. Fundi mmoja wa mtaani kaniambia nisijali, ataziba na puti, siku tatu gari mpya. Alafu nikamkuta kwenye gari ya mtu mwingine anashindilia gazeti kwenye tundu ndio anapaka puti juu yake! Sasa mzee, niuze au nitengeneze?
Kijana wa Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Usiuze bwana. Hiyo ndio aina iliyoshinda mbio za magari za Safari Rally za 1971, Edgar Herrmann wa kwanza na Shekhar Mehta wa pili, wote na 240Z, na 1973 Mehta mwenyewe akaichukua. Wazee wetu walisimama kando ya barabara wakala vumbi kuiona hio gari ikipita. Lakini usidanganyike na ushindi, bati lake ni jembamba na kinga ya kutu ya siku hizo ilikuwa ya kubahatisha, na wewe unaishi na hewa ya chumvi asubuhi mpaka usiku.

Huyo fundi wa gazeti mkimbie. Puti ni ya kusawazisha kibonyeo juu ya chuma kizima, haizibi tundu, inanyonya unyevu, na ukiiwekea gazeti kwa nyuma umeshaipa sponji ya kunywea maji. Mvua za masika zikipita tu lengelenge liko palepale na kaka zake wawili.

Alafu jua kitu kimoja, lengelenge unaloliona nje limeanzia ndani. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula ndio maana inaisukuma rangi juu, kwa hio ukiona uvimbe wa ncha ya kidole, nyuma yake pengine pameoza kiganja kizima. Chukua bisibisi ya kawaida ulale chini ya gari ugonge kila mahali kwa mpini, chuma kizima kinalia, kilichooza kinabonyea ama kinamwaga unga. Zungushia chaki. Ukimaliza utataka kulia, ni kawaida.

Kabla hujamwita mtu wa kuchomelea tafuta maji yanaingilia wapi, hapa ndipo watu wengi wanaporuka na pesa inapotea. Kwenye Z maji ya kioo cha mbele yanaingia kwenye uwazi ulio chini ya wipa, yanateremka pembeni nyuma ya madgadi za mbele yatoke chini. Yako imekaa chini ya mwembe, majani yamejaa humo nina hakika. Bahati nzuri madgadi za mbele zimefungwa kwa bolti, zifungue, utakuta udongo wa kupandia mchicha kabisa, na huo udongo ndio umekuwa ukilowesha boksi la chini ya mlango miaka yote hio. Angalia pia kikalio cha betri, asidi ikimwagika inakula mpaka bati la chini yake, na raba ya mlango wa buti.

Sasa kukata. Hii gari haina chesisi ya peke yake kama pikapu, bodi yenyewe ndio chesisi. Ukikata sakafu na maboksi ya milango bila kuishika, inalegea katikati. Mimi mwenyewe ujanani nilikata maboksi ya pande zote mbili kwa siku moja, nilikuwa na haraka ya kwenda harusini, niliporudi kuchomelea mlango wa abiria haukufunga tena na mwenye gari hakunisalimia mwaka mzima. Pima mwanya wa mlango juu, kati na chini, uandike, chomelea vyuma vya muda kukatiza uwazi wa mlango, alafu upande mmoja umalize ndio uanze wa pili.

Bati la bodi chukua geji 20, hio ni kama milimita 0.9, la sakafu na mihimili yake geji 18. Mabati ya paa hapana! Kwanza ni membamba, pili ile zinki iliyopakwa juu yake ukiichoma inatoa moshi, jioni unatetemeka utadhani malaria. Watu wanasema unywe maziwa, maziwa hayasaidii, fanyia kazi penye hewa na uvae maski ya moshi. Kata mpaka ufike chuma kinachong'aa, usichomelee juu ya kutu. Mashine ya miga, ile ya kuchomelea kwa umeme yenye waya mwembamba, ni bora kuliko gesi kwa sababu gesi inapasha sehemu kubwa na bati linajikunja kama chapati, na hata kwa miga unapiga nukta moja hapa, nyingine kule, unaacha ipoe, hukimbizi mstari. Betri itoke. Tangi la petroli litoke pia, sio kumwaga petroli tu, mvuke uliobaki ndio unalipuka.

Penye kutu ya juujuu tu, bati bado zima, piga brashi ya waya, osha na maji baridi, yani yasiyo na chumvi, kwanza maana chumvi inajificha kwenye vishimo, likikauka paka asidi ya fosforiki kwa kufuata maelezo ya kopo. Chuma kitupu kipate praima ya epoksi siku hiyohiyo, Likoni ukikiacha kilale utaamka kimeshapiga rangi ya chungwa. Maungio yote yapate sila, ile gundi ya kuziba maji, rangi ikikauka nyunyizia nta ndani ya maboksi, ila vitundu vya chini vya kutoa maji usivizibe.

Na pesa lipa kwa hatua, rangi isipigwe kabla hujaona chuma kitupu kwa macho yako na kupiga picha.

SWALI: Fundi habari, mi niko Tanga. Hapa kila mtu anapaka oili chafu chini ya gari ati inazuia kutu. Ni kweli?
Dada wa Tanga

JIBU: Nzuri dada. Nusu kweli. Inazuia maji kidogo, alafu inakamata vumbi, vumbi linakaa na unyevu, raba za chini zinavimba, na ikidondoka inachafua udongo. Osha chini kwa maji baridi ukitoka ufukweni, ikauke, kisha paka nta. Inatosha.

SWALI: Salaam fundi, niko Leicester, Uingereza, Mazda MX-5 yangu ya 2001, ile ya paa la turubai, imefeli MOT, yani ukaguzi wa gari wa huku, boksi la chini mbele ya tairi la nyuma limeoza. Naweza kubandika bati na gundi?
Msomaji wa ughaibuni

JIBU: Waalaikum salaam. Gundi hapana, watakufelisha tena. Huko kutu ikiwa ndani ya sentimita 30 kutoka inaposhikwa mikanda ya viti ama sespensheni wanaihesabu kosa zito, na bati jipya wanataka limechomelewa mstari mzima bila kuacha mapengo. Chumvi ya barabarani ya majira ya baridi umeshailaumu, lakini angalia na vitundu vya kutoa maji ya turubai nyuma ya viti, vikiziba na majani maji yote yanaishia humo ndani ya boksi. Vizibue taratibu na kijiti cha plastiki, usitumie waya, alafu mimina maji kikombe kimoja uone kama yanatoka chini.