Madogo, topolojia siyo donati tu

Juzi nimepita vimbwetani nikamsikia mmoja wenu akimwelekeza mwenzake kwamba topolojia ni hesabu za kikombe kugeuka donati. Mwenzake naye anaandika kabisa! Sapu mnazitafuta wenyewe. Nisikilizeni kabla ya test one.

1. Topolojia inauliza ni nini kinabaki umbo likivutwa na kupindwa bila kuchanwa, wala kuunganishwa pasipoungana. Urefu, pembe na eneo havina kura. Mwaka 1736 mwanahisabati Euler, kwenye swali la kama mtu anaweza kuvuka madaraja yote 7 ya mji wa Königsberg, kila moja mara moja tu, hakupima daraja hata moja. Alitazama tu lipi linaunganisha wapi na wapi. Ni kama mchoro wa vituo vya mwendokasi: njia ya Kimara hadi Kivukoni hata ukiinyoosha kwa rula, abiria hapotei.

2. Seti wazi (zile ambazo kila nukta yake inaweza kusogea kidogo kila upande bila kutoka) ndizo kila kitu. Na seti yaweza kuwa wazi na funge (yaani yote iliyo nje yake ni seti wazi) kwa pamoja, msibishane na mwalimu.

3. Mwendelezo wa kwenda NA wa kurudi. Hapa ndipo tulipochinjwa. Swali: je, [0, 2π), yaani kipande cha mstari chenye 0 ila bila 2π, na duara ni homeomofiki, yaani moja linageuka jingine na kurudi bila kuchanika? Kundi letu la diskasheni lilikuwa na desa moja linazunguka: peleka t kwenye (cos t, sin t). Kila nukta inapata mwenzake mmoja, hakuna kuruka popote. Tukaandika "ndiyo", tukapiga mistari miwili chini, tukatoka kabla ya muda kwa maringo, moja kwa moja kwenye chipsi mayai. Karatasi ziliporudi, zote zina wino mwekundu: "Na kurudi?" Ukivuka (1, 0) juu ya duara ni hatua ndogo tu, lakini kule ulikotoka umeruka kutoka karibu na 2π hadi 0. Kurudi kunachana. Tena jibu lilikuwa la dakika moja: ng'oa nukta yoyote ya duara, linabaki kipande kimoja, ng'oa nukta ya katikati ya [0, 2π), unapata viwili. Topolojia yenyewe ndiyo hiyo, sisi tulikuwa tunahangaika na cos.

Hata mwanahisabati Poincaré aliteleza: mwaka 1900 alidai homolojia (njia ya kuhesabu matundu ya umbo) inatosha kulitambua tufe la dimensheni 3, na 1904 akaleta mwenyewe mfano wa kujipinga. Ila yeye hakudesa.

4. Kutoka nafasi kompakti (kama kipande cha mstari chenye ncha zake zote mbili) kwenda ya Hausdorff (ambapo nukta mbili tofauti hutenganishwa na seti wazi zisizoingiliana), kama kwenda hakuruki na kila nukta ya kila upande ina mwenzake mmoja, mwendelezo wa kurudi mnapewa bure. Angalieni mabano kwanza. [0, 2π) si kompakti, na mwaka huu tayari kuna mtu kaitumia kanuni hii hapohapo.